Bibi wa miaka 81 baada ya upasuaji wa nyonga: anasema haumwi, lakini hataki kusimama wala kuongea

zamu_ya_usiku

Habari za kazi ndugu zangu. Naomba ushauri wa wanaohudumia wazee.

Mgonjwa ni bibi wa miaka 81, kilo 46. Alivunjika shingo ya paja, akawekewa nusu ya nyonga bandia kupitia mkato wa nyuma. Leo ni siku ya 9, yuko nyumbani. Mshono mkavu, homa hana. Daktari wa mifupa ameruhusu akanyage kwa uzito wote. Kasi ya figo kuchuja ni mililita 41 kwa dakika. Kila jioni anachomwa sindano ya kuzuia damu kuganda. Usahaulifu kidogo alikuwa nao hata kabla ya kuanguka, ila alikuwa anajipikia na kupiga soga vizuri.

Dawa za maumivu: parasetamoli gramu 1 "akiumwa", tramadoli miligramu 50 "maumivu yakizidi".

Nikimuuliza akiwa kitandani kama anaumwa, ananijibu "hapana mwanangu, niko salama". Ila mtaalamu wa mazoezi ya viungo akija, bibi anang'ang'ania kingo za kitanda na uso unakunjamana. Tangu juzi amekataa kabisa kusimama. Mchana anashinda amefumba macho, chakula ni vijiko viwili vitatu, haulizi kitu. Usiku ndiyo anaamka na kuvutavuta shuka. Wanawe wanaona amekata tamaa, wanataka aandikiwe dawa ya sonona na ya usingizi.

Nijuze: je, kweli haumwi? Na huku kunyamaza ni huzuni au ni kitu kingine? Sitaki kumwongezea vidonge kabla ya kuelewa.

---

dawa_kwa_kipimo

Sista, anachokujibu kitandani ni kweli tupu. Nyonga iliyopasuliwa, mguu ukiwa umetulia na mto uko kati ya magoti, huweza isiume kabisa. Tatizo ni swali linaulizwa wakati usiofaa. Maumivu ya nyonga hupimwa wakati wa kugeuzwa, wakati wa kukaa ukingoni mwa kitanda na wakati wa kusimama. Andika namba mbili kila mara, ya akiwa ametulia na ya akiwa anasogea. Ya pili ndiyo inayoamua dozi.

Badilisha pia maneno. Wazee wengi huyaona "maumivu" kuwa ni neno la kulalamika, au wanaogopa kurudishwa hospitali. Muulize: panavuta? panachoma? pamekaza? panakuzuia kugeuka? Mpe nafasi ya kujibu, hesabu hadi kumi kimoyomoyo kabla ya kurudia swali.

Kwa kuwa ana usahaulifu, usitegemee maneno peke yake. Kipimo cha PAINAD kilitengenezwa kwa ajili ya watu wenye dimenshia. Unamtazama kama dakika tano akiwa anahudumiwa, unatoa 0, 1 au 2 kwa kila moja ya haya: upumuaji, sauti (kuguna, kulia, kurudia maneno), uso, mwili (kukaza misuli, kung'ang'ania, kusukuma mkono wako), na kama anatulizika kwa kuongeleshwa au kushikwa. Jumla ni 10. Hapo 1 hadi 3 huchukuliwa kuwa kidogo, 4 hadi 6 ya kati, 7 kwenda juu makali. Kung'ang'ania kingo na uso kukunjamana, kwa maelezo yako tu, tayari kunampa 3 au 4 kabla hujahesabu sauti na pumzi.

Sasa dawa. Kosa la kwanza ni maneno "akiumwa". Mgonjwa asiyesema hapati dawa hiyo, anakuja kuipata maumivu yakishapanda, na hapo parasetamoli haiwezi kuyashusha. Mwombe daktari aiandike kwa saa maalumu, usiku na mchana, hata kama bibi anasema yuko salama.

Kosa la pili ni kipimo. Gramu 1 ni ya mtu wa kilo 50 na zaidi. Kwa kilo 46, miligramu 15 kwa kila kilo ni takribani 690, kwa hiyo kidonge cha miligramu 500 kila baada ya saa 6, jumla gramu 2 kwa siku, ndicho kiwango salama cha kuanzia. Ya maji inaruhusu kukaribia 690 kama daktari ataona inafaa. Mtu asiyekula vizuri, ini lake lina akiba ndogo ya kuisafisha dawa hii, ndiyo maana simpi bibi wa vijiko vitatu dozi ya mtu mzima mwenye nguvu. Na kagua kila dawa ya mafua iliyomo ndani ya nyumba, nyingi zina parasetamoli humo humo.

Tramadoli ndiyo inayonitia wasiwasi hapa. Kwa mzee huleta kuchanganyikiwa, kichefuchefu, kizunguzungu, na hushusha chumvi ya sodiamu katika damu. Pia hushusha kizingiti cha degedege. Sehemu ya dawa iliyokwisha kuvunjwa mwilini, ambayo bado ina nguvu, hutoka kwa figo, na figo za 41 huitoa polepole. Halafu wakiongeza dawa ya sonona ya kundi la SSRI juu yake, zote mbili zinapandisha serotonini, kemikali ya ubongo: mgonjwa anatetemeka, anatoka jasho, anahangaika, moyo unakwenda mbio. Ukichunguza saa alizopewa tramadoli na usiku anaovuta shuka, huenda ukakuta zinafuatana.

Diklofenaki na ibuprofeni usikubali hata zikipendekezwa na jirani mwenye nia njema. Figo hizo, umri huo, na sindano ya kuzuia damu kuganda juu yake: unakaribisha damu tumboni na figo kusimama.

Kama parasetamoli ya saa maalumu haitoshi kumsimamisha, daktari anaweza kuchagua dawa ya jamii ya afyuni kwa dozi ndogo sana, ya muda mfupi, ikilenga mazoezi. Kwa wazee mofini ya kunywa huanzia kama miligramu 2.5, lakini kwa figo dhaifu mabaki yake hujikusanya, kwa hiyo wengi hupendelea oksikodoni kidogo, kwa nafasi ndefu kati ya dozi. Ya kunywa apewe dakika 45 hadi 60 kabla ya mazoezi. Mtaalamu akifika saa 4 asubuhi na dawa ikatolewa saa 4 hiyo hiyo, bibi anafanyishwa mazoezi bila kinga, na kesho yake atakataa. Hajawa mkaidi, amejifunza kwamba kusimama kunaumiza.

Baada ya dozi ya afyuni angalia usingizi kabla ya kuangalia pumzi. Kusinzia katikati ya sentensi hutangulia pumzi kupungua. Akiwa haamshiki vizuri au pumzi ziko chini ya 10 kwa dakika, hakuna dozi nyingine, ita msaada wa dharura.

Barafu iliyofungwa kwa kitambaa, dakika 15 hadi 20 upande wa paja, husaidia baada ya mazoezi. Usimwachie peke yake, mwenye usahaulifu hatasema ngozi inamuungua kwa baridi.

---

akili_na_uzee

Nakubaliana na hapo juu, nami nashika swali la pili kwa sababu ndilo linalokosewa sana.

Kunyamaza kwa mzee baada ya upasuaji wa nyonga kuna milango mitatu: maumivu yasiyotibiwa, kuchanganyikiwa kwa ghafla (deliriamu), na sonona. Familia huona sonona kwanza kwa kuwa ndiyo inayofanana na huzuni. Mimi kwa huyu naanza na deliriamu ya kimyakimya. Ile ya kelele, ya mgonjwa kung'oa mpira wa mkojo na kutukana, kila mtu huiona. Ya kimyakimya mgonjwa analala tu, hamsumbui mtu, wanasema "anapumzika". Ni hatari zaidi kwa sababu hiyo: hanywi, hageuki, na vidonda vya kulalia vinaanza kisiginoni na kwenye mfupa wa kiuno.

Tofauti iko kwenye mwendo wake. Deliriamu huja ndani ya saa au siku chache na hupanda na kushuka siku hiyo hiyo, asubuhi anakutambua, jioni hajui yuko wapi. Sonona hujenga kwa wiki na hali yake haibadiliki sana kati ya saa na saa. Bibi aliyekuwa anapiga soga, akanyamaza "tangu juzi", mchana amelala na usiku anavuta shuka, hiyo ni picha ya deliriamu.

Pima kwa 4AT, kipimo kifupi cha deliriamu, hakichukui zaidi ya dakika mbili na hakihitaji kozi. Sehemu ya kwanza ni uangavu: akiwa wa kawaida 0, akiwa anasinzia waziwazi au anahangaika kupita kiasi 4. Ya pili, muulize umri, tarehe ya kuzaliwa, mahali alipo na mwaka huu: bila kosa 0, kosa moja 1, mawili au zaidi 2. Ya tatu, ataje miezi kurudi nyuma kuanzia Desemba: akifikisha 7 sahihi 0, akianza asifike au akikataa 1, akiwa hawezi kupimwa kabisa kwa usingizi au udhaifu 2. Ya nne, kama kumekuwa na badiliko la ghafla au hali inayopanda na kushuka katika wiki mbili zilizopita, na bado lipo saa 24 zilizopita: ndiyo 4, hapana 0. Jumla ya 4 au zaidi, chukulia ana deliriamu mpaka ithibitishwe vinginevyo. Usahaulifu wake wa zamani unaweza kumpa pointi sehemu ya pili na ya tatu, lakini ya kwanza na ya nne hauwezi kuzieleza. Waulize wanawe: wao ndio wanaojua alivyokuwa.

Deliriamu si ugonjwa unaojitegemea, kuna kitu nyuma yake. Kagua kwa mikono yako kwanza: mara ya mwisho kupata choo ni lini? Chini ya kitovu pamejaa na pagumu, yaani mkojo umezuilika? Ulimi mkavu? Anakohoa? Mkojo unanuka na unamuunguza? Oksijeni ni asilimia ngapi? Visigino vina wekundu usiopotea ukibonyeza? Daktari aongeze damu kwa ajili ya sodiamu, figo, wingi wa damu, sukari na dalili za maambukizi. Kisha orodha ya dawa zote, hata zile za zamani zilizo kwenye droo.

Kuhusu dawa ya usingizi: tafadhali isitolewe. Diazepamu na jamaa zake, promethazini, na dawa za mzio zinazoleta usingizi, zote huongeza kuchanganyikiwa na kuanguka kwa umri huo. Amitriptilini nayo iko humo humo, ingawa wengine huipenda kwa maumivu. Usingizi unarudishwa kwa kazi ya mchana: mapazia wazi asubuhi, akae kwenye kiti kila mlo, usingizi wa mchana usizidi nusu saa, na usiku shughuli zote (dawa, kumgeuza, choo) ziunganishwe ili aamshwe mara chache iwezekanavyo. Taa hafifu iachwe ikiwaka. Miwani usoni na kifaa cha kusikia sikioni kuanzia asubuhi. Mzee asiyesikia huonekana amechanganyikiwa hata kama akili yake ni nzima.

Sonona ipimwe baada ya deliriamu kuisha. Ukipima sasa kwa maswali 15 ya kipimo cha sonona cha wazee, GDS-15, atapata alama kubwa kwa sababu ya uchovu na kuchanganyikiwa, halafu ataandikiwa dawa isiyohitajika. Akishatulia, alama 5 na zaidi zinataka uchunguzi kamili, hasa kama kwa wiki mbili hivi amekuwa hafurahii chochote hata mjukuu akija. Dawa za SSRI huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, hushusha sodiamu kwa wazee, na huongeza uwezekano wa kutokwa damu kwa anayetumia dawa ya kuzuia kuganda. Zina nafasi yake, lakini si za kuandikwa kwa simu.

Kuna kitu cha nne ambacho hakimo kwenye vipimo hivi, hofu. Bibi alianguka, akasikia mfupa wake ukivunjika, sasa watu wanamwambia asimame. Kumwambia "usiogope" hakumsaidii. Muulize anaogopa nini hasa: kuanguka, kuumia, chuma kufyatuka, au kuwa mzigo kwa wanawe? Kila moja ina jibu lake. Anayeogopa chuma kufyatuka aelezwe kwamba daktari wa mifupa mwenyewe ameruhusu akanyage. Anayeogopa kuwa mzigo, mwanawe akae naye amsikilize. Mpe mamlaka kidogo: aoge kabla au baada ya chai, asimame upande gani wa kitanda. Na akisema "bora nife", usibadilishe mazungumzo. Muulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru au kama anakataa chakula makusudi. Kuuliza hakupandikizi wazo. Jibu la ndiyo liende kwa daktari siku hiyo hiyo.

---

viungo_na_mwendo

Nyongeza ya upande wangu, fupi.

Mkato ni wa nyuma, kwa hiyo mpaka daktari aondoe masharti: nyonga isikunjwe kupita nyuzi 90, miguu isipishane, na mguu usizungushwe kwenda ndani. Kiti kiwe kirefu ili magoti yasizidi urefu wa nyonga. Kiti cha chooni kiinuliwe. Kiti laini cha kuzama ni adui wake, maana hukunja nyonga na kuinuka kunauma mara mbili.

Kumsimamisha: kitanda kipandishwe kidogo, atoke upande unaompa nafasi, mguu uliopasuliwa ubaki mbele, mikono isukume kitanda au mikono ya kiti. Asivute fremu ya kutembelea, itampindukia. Akishakaa ukingoni asubiri dakika moja au mbili, upime presha akikaa na akisimama. Kizunguzungu kutokana na presha kushuka humfanya mzee akatae mazoezi, na watu huandika "maumivu". Hatua: fremu, mguu uliopasuliwa, kisha mzima.

Leo lengo liwe kukaa kwenye kiti kwa dakika 15 na kusimama mara moja, basi. Umwambie mwanzo na mwisho wa kazi, na ukisema mara moja iwe mara moja kweli. Maumivu kiasi wakati wa zoezi yanakubalika. Yakidumu zaidi ya saa 2 baada ya zoezi, au kesho yake yakiwa makubwa kuliko leo, punguza kiasi cha zoezi ila usiache.

Maumivu makali ya ghafla kwenye kinena au tako, mguu ukaonekana mfupi na umegeuka, usimsimamishe: nyonga imeteguka, hospitali sasa hivi. Vivyo hivyo uvimbe na maumivu ya mguu mmoja, kubanwa pumzi, kifua kuuma, au mshono kuanza kutoa maji.

---

zamu_ya_usiku

Asanteni sana wakuu. Nimekagua leo. 4AT imetoka 9. Choo hajapata siku 5. Mkojo anapata, tumbo la chini ni laini. Oksijeni asilimia 96. Tramadoli amepewa usiku wa siku tatu mfululizo na binti yake ili "alale". Kifaa cha kusikia kiko kwenye mfuko aliotoka nao hospitali, hakijawahi kutolewa. PAINAD akigeuzwa ni 6, akitulia ni 1. Nianzie wapi, na nimwambie nini daktari?

---

dawa_kwa_kipimo

Anza na simu, leo hii, kwa mpangilio huu ili asikukatishe: "Siku ya 9 baada ya nusu nyonga bandia, kilo 46, figo 41. Amebadilika ghafla tangu juzi, 4AT 9. PAINAD 6 akisogezwa. Parasetamoli anapewa akiomba tu. Tramadoli usiku mara tatu. Choo siku 5. Anakula na kunywa kidogo. Naomba aje kuonwa leo, damu ya sodiamu na figo, parasetamoli kwa saa maalumu kwa uzito wake, tramadoli isitishwe au ibadilishwe, na dawa ya choo." Kwa siku tatu za dozi moja moja, kuisitisha hakuhitaji kupunguza hatua kwa hatua, lakini uamuzi ni wake. Akisema hawezi kumwona leo, mpeleke. Deliriamu mpya haisubiri kliniki ya wiki ijayo.

Choo cha siku 5 kichunguzwe kwanza kama kimeganda kwenye njia ya haja kubwa. Kikiwa kimeganda chini, dawa ya kunywa pekee humwongezea msokoto wa tumbo bila kufungua mlango, na inabidi ianze ya kuwekwa chini au kuoshwa. Kisha iendelee ya kusukuma, mfano sena usiku, pamoja na ya kuvuta maji, mfano makrogoli au laktulosi. Unga wa nyuzinyuzi usimpe kwa sasa, bila maji ya kutosha unageuka saruji. Kama ataandikiwa afyuni yoyote, dawa ya choo ianze siku hiyo hiyo bila kusubiri.

---

akili_na_uzee

Kifaa cha kusikia kitolewe mfukoni kabla ya kitu chochote kingine, na ubadilishe betri, kwa kuwa zilizokaa kwenye mfuko mara nyingi zimeisha. Tazama pia nta masikioni. Halafu mpime tena 4AT kesho asubuhi akiwa amevaa. Ukimpima bila kusikia, sehemu ya pili na ya tatu zinapima masikio.

Binti yake usimlaumu, alitaka mama alale. Mkalishe umwoneshe hizo saa za tramadoli na usiku wa kuvuta shuka, kisha mpe kazi: jioni akae na mama nusu saa bila redio, amwambie tarehe, yuko wapi, nani atakuja kesho, asibishane naye akikosea. Na mwambie mapema kwamba hata sababu zikiondolewa, deliriamu huweza kuchukua siku hadi wiki kuisha kabisa, ikipanda na kushuka. Familia isiyojua hili huona jioni moja mbaya, ikarudi kwenye kidonge cha usingizi.

---

viungo_na_mwendo

Kesho mtaalamu akifika, parasetamoli iwe imeshamezwa saa moja kabla, kifaa kiwe sikioni, na watu wawe wawili. Kama 4AT bado iko juu, usimfundishe hatua mpya, atasahau na kuogopa. Mkalishe kwenye kiti wakati wa mlo, maagizo yawe neno moja moja: "sukuma", "simama", "kaa". Akikaa hapo, akanyage chini na kuinua vidole vya miguu mara 10, akaze misuli ya paja mara 10, kila saa anapokuwa macho. Visigino vielee hewani akilala, mto uwekwe chini ya shavu la mguu na usiwe chini ya goti.